Mgongo, Kiuno na Magoti Msimu wa Korosho: Mwongozo Kabla Hujaenda Kunyooshwa

Korosho haichumwi, inaokotwa. Bibo, lile tunda linalobeba korosho, likiiva linaanguka lenyewe, na mwenye shamba analifuata chini. Ndiyo maana kuanzia Septemba au Oktoba mpaka msimu ufungwe, nusu ya mazungumzo kwenye vijiwe vya Tandahimba, Newala, Nachingwea na Ruangwa ni bei ya mnadani, na nusu nyingine ni kiuno. Hapo bado hujamhesabu mvuvi anayevuta nyavu Mikindani, mama anayebangua korosho akiwa amekaa chini kutwa, na kijana wa bodaboda anayepokea kila shimo la barabara kwa pingili za mgongo wake.

Sasa simu zimeleta jambo jipya. Wengi wameiona ile video: mgonjwa amelala kifudifudi, mtaalamu anamkandamiza, mgongo unalia "ka!", mgonjwa anainuka anacheka. Hiyo ni kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, iliyoanzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Swali linalofuata huwa moja: huku Kusini, yaani Mtwara na Lindi, naipata wapi? Kliniki zake utazikuta zaidi kwenye miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Lakini swali hilo limeruka hatua kadhaa, na hatua hizo ndizo zinazoamua kama utarudi nyumbani na nafuu au na tatizo jipya. Mikono ya mtu inaweza kukupunguzia maumivu. Haioni kilichomo ndani.

Hatua ya kwanza: jikague kabla hujaguswa

Maumivu mengi ya kiuno, shingo na mabega hayatokani na ugonjwa mbaya. Misuli imechoka, kano zimevutika, kiungo kimekaza, na mara nyingi hali hutulia ndani ya wiki chache. Wapo wachache ambao maumivu yao ni taarifa ya kitu kingine. Ukiwa na mojawapo ya dalili hizi, usimruhusu mtu kuunyoosha mgongo wako, awe na cheti ukutani au awe bibi mkandaji wa mtaa wa pili. Nenda hospitali kwanza.

- Umeshindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila kujua, au sehemu ya makalio na kati ya mapaja imekufa ganzi. Mishipa ya fahamu inabanwa. Usisubiri kupambazuke, ondoka usiku huohuo.
- Miguu inakosa nguvu, au unyayo unaburuzika unapotembea.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki. Kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, hata kuteleza bafuni kunatosha kuvunja pingili.
- Maumivu yanazidi usiku, una homa za jioni, jasho, na nguo zinaanza kupwaya. Kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu. Kinaweza kula pingili za mgongo hata za mtu asiyekohoa, na anayeikandamiza pingili iliyoliwa anaweza kuivunja.
- Uliwahi kutibiwa saratani. Na kwa wazee wa kiume: kiuno kinauma na mkojo nao unasumbua. Saratani ya tezi dume mara nyingi huhamia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.
- Kiungo kimoja, goti kwa mfano, kimevimba ghafla, kina joto, hakikunjiki, na una homa. Huenda kuna usaha ndani, na usaha unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu.

Kuna pia homa inayokuja pamoja na maumivu ya viungo vingi kwa mpigo: vifundo, vidole, magoti. Mojawapo ya homa hizo ni chikungunya, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 hapahapa kwenye Uwanda wa Makonde, na virusi vyake vikatambuliwa kutoka kwa mgonjwa wa Newala. Huenezwa na mbu wa Aedes, ambaye huuma mchana. Mwenye homa ya namna hiyo akapime malaria, anywe maji mengi, atumie parasetamoli, na aachane na aspirini na diklofenaki mpaka daktari ahakikishe si dengue, homa nyingine inayoenezwa na mbu haohao, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutokwa damu. Viungo vinaweza kuendelea kuuma kwa wiki au miezi baada ya homa kwisha. Hapo sasa mazoezi na kukandwa taratibu vina nafasi.

Mtoto anayelia mifupa mara kwa mara naye asichuliwe tu na kulazwa. Apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Hatua ya pili: siku za mwanzo nyumbani

Hujaona dalili yoyote kati ya hizo? Basi una muda, hakuna haja ya kukimbilia popote.

La kwanza, usilale kutwa. Najua ushauri huu haupendwi, hasa na watoto wanaotaka kumtunza mama yao vizuri. Lakini kulala siku nyingi hukaza misuli na kurefusha maumivu. Pumzika pale yanapokuwa makali, kisha inuka, zunguka uani, nenda hadi kwa jirani, rudi. Kuuma kidogo wakati wa kutembea hakumaanishi unajiharibu.

La pili, joto. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, uiweke kiunoni dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kama ni kifundo kilichoteguka leo na kimevimba, anza na baridi kwa siku mbili: barafu ya mfuko ya muuza juisi inafaa kabisa, ila ifunge kwenye kitambaa isiunguze ngozi.

La tatu, mkeka. Tandika chini na ufanye haya asubuhi na jioni, mara 10 kila moja, polepole, bila kubana pumzi:

Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Bana tumbo ili kiuno kigandamane na mkeka, hesabu hadi tano, achia. Ukiwa hapohapo, vuta goti moja kifuani kwa mikono, rudisha, vuta la pili. Kisha inua makalio mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke mstari mmoja, shusha. Halafu piga magoti na kuweka viganja chini kama unayetambaa, tunisha mgongo juu, kisha uache ubonyee.

La mwisho ni la wale ambao maumivu yanashuka kwenye kalio na mguu. Lala kifudifudi, viganja chini ya mabega, sukuma kifua juu huku nyonga zikibaki kwenye mkeka. Hapa sikiliza maumivu yanaelekea wapi. Yakirudi juu, kutoka kwenye unyayo hadi pajani, kutoka pajani hadi kiunoni, ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakizidi kushuka kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo na ukamwone mtaalamu.

Hatua ya tatu: badilisha namna unavyofanya kazi

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Mtu ananyooshwa Jumamosi, Jumatatu anarudi shambani kuinama vilevile. Atashangaa nini kiuno kikirudi?

Tuanze na kuokota. Anayeinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, anaubebesha mgongo kiwiliwili chote kila mara anaposhuka. Piga goti moja chini, okota zote zilizo kwenye upeo wa mkono, kisha sogea na ubadilishe goti. Kitambaa kinene au kipande cha gunia kilichofungwa magotini kinaokoa ngozi. Fagia chini ya mikorosho kabla hazijaanza kuanguka kwa wingi, maana sehemu kubwa ya kuinama ni kutafuta korosho kwenye majani. Ukiweza, zikusanye kwanza, halafu kazi ya kutenganisha korosho na bibo uifanye umekaa kwenye kigoda kivulini.

Okotea kwenye ndoo ndogo, ukamwagie kwenye gunia lililosimama pale litakapopakiwa. Gunia la korosho lililojaa halibebwi na mtu mmoja, hata kama kijana anataka kuonyesha ubavu mbele ya watu wa ghala. Shikeni wawili. Chuchumaeni, gunia liwe karibu na kifua, inukeni kwa nguvu za mapaja. Mkishainuka, geukeni kwa miguu. Kile kitendo cha kuinua na kuzungusha kiuno kwa wakati mmoja ili ulirushe kwenye toroli ndicho kinacholaza watu wazima kitandani.

Kupuliza salfa, dawa ya ukungu ya mikorosho, ni mtihani mwingine. Bomba la mota likijazwa linaweza kufika kilo 20 na ushee, na linatetemeka mgongoni muda wote. Kaza mikanda ya mabega mpaka bomba liungane na mgongo. Likining'inia linakuvuta nyuma nawe unajikunja mbele kulifidia, na hapo kiuno hakina pa kupumzikia. Liweke juu ya kisiki au ukingo wa toroli unapolivaa, usiliokote kutoka chini. Jaza nusu kama shamba lina mwinuko. Pokezaneni.

Maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, na kule uwandani safari ya maji inaweza kuwa ya kupanda na kushuka. Shingo inayouma pamoja na ganzi ya vidole kwa mama wa makamo mara nyingi ina historia ya ndoo. Madumu mawili madogo mikononi, moja kila upande, au baiskeli, au kijana wa nyumbani apewe zamu hiyo. Mjadala wa nani achote maji ni wa familia, lakini mgongo wa mama nao uwe na kura.

Kubangua: usikae chini miguu imenyooshwa. Kigoda chenye kimo cha kutosha, jiwe la kubangulia liinuliwe, na kila nusu saa simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma mara chache. Dereva wa bodaboda afanye hivyohivyo kijiweni badala ya kujikunja juu ya tangi akichati.

Hatua ya nne: fiziotherapia, iliyo karibu kuliko unavyodhani

Zikipita wiki mbili hadi nne bila nafuu ya maana, au maumivu yanashuka mguuni au mkononi, anzia zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara, Mkomaindo kwa watu wa Masasi, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo wazee wa Kusini wanazijua tangu utoto wao. Ukifika, ulizia fiziotherapia, au tiba ya utengamao, jina ambalo Wizara ya Afya hupenda kulitumia. Usikubali kuishia dirisha la dawa kabla hujauliza.

Mtaalamu wa fiziotherapia atakuuliza kazi yako, atakupima nguvu za miguu na hisia za ngozi, kisha atakupa mazoezi yanayolingana na tatizo lako. Wengi wao wanafundishwa pia kunyoosha viungo kwa mikono, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokitafuta kwenye kairopraktiki unaweza kukipata kwao bila kupanda basi. Kama una bima, uliza kabla ya kuanza ni vipindi vingapi vinalipiwa kwenye kifurushi chako.

Usiidai eksirei kwa nguvu. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi misuli iliyokaza. Watu wengi waliovuka miaka 40 wana "pingili zilizosagika" kwenye picha na hawaumwi popote. Nimeona mtu mzima akianza kutembea kama mgonjwa mahututi tangu siku aliposomewa picha yake, ilhali jana yake alikuwa anapalilia.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kunyoosha mgongo na kuchua, na dawa za kupunguza uvimbe. Unashauri zisitumike kwa kawaida mikanda ya kiuno, mashine za kuuvuta mgongo na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini. Ile mikanda inayouzwa sokoni kwa maneno matamu, basi, bora hela yake ununulie kigoda kizuri.

Hatua ya tano: kama umeamua kunyooshwa

Kwanza, ule mlio. Haumaanishi mfupa uliohama umerudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna majimaji yenye gesi. Kiungo kikivutwa haraka, kipovu cha gesi hujitengeneza na mlio husikika. Nafuu inaweza kuja bila mlio, na mlio unaweza kusikika bila nafuu. Anayekufuata kwa sauti ya mifupa anakuuzia sauti.

Kwa maumivu ya kiuno, kunyooshwa kunasaidia kiasi, karibu sawa na tiba nyingine nzuri kama mazoezi. Mabingwa wa video huongeza chumvi. Kairopraktiki ni fani ya kusomea miaka kadhaa chuo kikuu. Barani kwetu inafundishwa Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Kwa hiyo usione aibu kumuuliza mtaalamu alisoma wapi na leseni yake iko wapi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza lililoundwa kwa sheria hiyo husajili watoa huduma na vituo vyao. Cheti cha semina ya siku tatu hakitoshi kukabidhiwa shingo ya mtu.

Ukikaa mbele yake, mwangalie anaanzaje. Aliye makini anauliza maswali mengi kabla ya kukugusa: homa, uzito, mkojo, ajali, dawa unazotumia, presha, ujauzito. Anakueleza atakachofanya na anasubiri ukubali. Mjulishe kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama mifupa yako ni dhaifu, au kama umetumia dawa za jamii ya prednisoloni (steroidi) kwa muda mrefu. Akianza kukukunja kabla ya maswali, vaa viatu vyako.

Shingo ina kanuni yake. Kuizungusha kwa ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana ukuta wa mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Nadra, lakini hakurudishwi nyuma. Mimi ningesema wazi: "Shingo usiizungushe, nifanyie njia ya taratibu." Una haki hiyo. Ikitokea umenyooshwa, kisha ukapata kizunguzungu kikali, kuona mbili, ulimi mzito au uso kupinda, ni hospitali moja kwa moja.

Mkimbie pia anayeahidi kuponya kisukari, presha au ugumba kwa kunyoosha uti wa mgongo, na anayekulipisha vipindi 30 kwa mkupuo kabla hujajua kama kimoja kinasaidia. Vipindi vinne hadi sita vinatosha kukuonyesha mwelekeo. Kuuma kidogo kama mtu aliyelima kwa siku moja au mbili ni kawaida. Ganzi mpya au udhaifu mpya si kawaida.

Na wakandaji wetu? Bibi mwenye mafuta ya nazi na mikono mizito ana faida yake. Kuchua misuli iliyokaza kunaleta usingizi mzuri, na usingizi mzuri ni nusu ya tiba. Mwombe asikanyage mgongo kwa miguu, asivute kiungo kilichovimba jana, na asiguse panaposhukiwa kuvunjika. Nyama ya nyuma ya mguu ikivimba upande mmoja, ikauma na kuwa na joto, isichuliwe kabisa: huenda damu imeganda ndani, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Ukichanjwa chale au kupigwa hijama, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako.

Dawa, kwa ufupi

Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache, zinywe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha isiyotulia au ujauzito amuulize daktari kwanza. Tabia ya kupitia duka la dawa kila Ijumaa kuchoma "sindano ya mgongo" iachwe: ni dawa ileile, maumivu yameahirishwa, figo zinalipa. Na ile poda isiyo na jina inayouzwa stendi, inayoondoa maumivu yote ndani ya saa moja, shuku imechanganywa na dawa za hospitali ambazo muuzaji hatakutajia. Ukianza kuvimba uso au sukari kupanda, peleka hiyo poda hospitalini wakaione.

Kama safari ya Dar haiepukiki

Wapo watakaopewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na wapo watakaoamua kujaribu kliniki ya kairopraktiki kwa fedha zao. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kwenye kiti cha basi, na mgongo mbovu unaweza kufika mbovu zaidi. Kata tiketi mapema upate siti za katikati, mbali na matairi ya nyuma. Kunja kanga au taulo uiweke nyuma ya kiuno, si chini ya makalio. Beba karatasi ya rufaa, picha zote ulizowahi kupigwa hata za miaka iliyopita, na maboksi ya dawa unazotumia, maana "vidonge vyeupe vidogo" havimsaidii daktari yeyote. Mwombe kondakta akukumbuke kwenye vituo: basi likisimama Nangurukuru au Kibiti, shuka, tembea mpaka hoteli na kurudi, chakula utakula ukiwa umesimama. Mizigo mwachie kijana uliyesafiri naye. Na miadi iwe siku ya pili baada ya kufika, siyo asubuhi ya kushuka stendi, kwa sababu mgongo uliotoka kukaa kutwa barabarani utampa mtaalamu majibu ya safari badala ya majibu ya ugonjwa.